Kikao cha hadithi Kibokoni: mpeleke mwanao, na kitabu ukisome naye

Kila Jumamosi asubuhi, kwenye duka dogo la vitabu ghorofani huku Kibokoni, si mbali na Fort Jesus, watoto husomewa hadithi za Mombasa ya zamani. Mwenye duka ni mwalimu mstaafu na hadithi huandika mwenyewe, kisha huzichapa vijitabu vyembamba vya kubanwa pini. Wahusika ni wa kubuni, lakini mji, vita na tarehe ni za kweli. Nampeleka binti yangu wa darasa la nne, na nasema wazi: shuleni hajapata kitu kama hiki.

Bora kuliko zote ni hadithi ya Frere Town. Msichana wa Kiyao anaokolewa na manowari ya Waingereza kutoka jahazi la watumwa, anateremshwa kwenye makazi yaliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1870. Hajui Kiswahili hata neno. Anayempokea ni mama Mwafrika aliyekulia Nashik, India, ambaye naye aliokolewa utumwani utotoni, na anapopika huimba kwa lugha ya huko. Hapo mtoto anaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba Mwafrika aliweza kufika Mombasa akitokea Bara Hindi, na kwamba majirani wanane wangeweza kuwa na lugha nane. Kengele ya Frere Town ipo hadi leo pale Kengeleni, tunaipita kwenye matatu kila siku. Binti yangu akaniuliza, "Mama, yule msichana Kiswahili alifunzwa na nani?" Sikumjibu. Nilimpeleka kwa bibi mmoja jirani yetu, ambaye wazee wake walitoka Frere Town, akamuulize mwenyewe. Walikaa barazani mpaka magharibi.

Hadithi ya Fort Jesus nayo imenipendeza kwa sababu haina adui mmoja. Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili wa Faza, maradhi yakiwamaliza pamoja. Mvulana wa hadithi ni wa Faza, mjomba wake yuko nje upande wa pili. Watoto walibishana sana siku ile nani alikuwa na haki, na mwalimu akawaacha wabishane.

Ya reli, la. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, lakini kijitabu kimempa mtoto wa Kipunjabi kilemba na chapati, basi. Hana hofu, hana hila, hana la kutaka. Wengi wa wale watu walikuja kwa mkataba wakaacha familia nyuma, na karibu 2,500 walifia kazini. Mtoto aliyeachwa Lahore, anayengoja habari za babake, angefaa kuliko huyu wa kula na kuvaa. Watoto wa Kihindi wanaokaa kikaoni wanastahili zaidi ya hapo.

Na mimi Mrabai, Mmijikenda mwenzake, hadithi ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, imeniuma. Inaishia pale anapomwambia ofisa Mwingereza ajaribu kumchukua kifaranga, na kuku anamdonoa; watoto wanacheka, wanafunga kitabu. Kwamba Waingereza walimkamata mwaka 1913, wakampeleka mbali huko Kisii, naye akatoroka akarudi pwani kwa miguu, halimo. Nilimwambia mwalimu kwamba watoto wa miaka tisa wanaweza kulibeba hilo, tena ndilo watakalolikumbuka. Alinisikiliza vizuri, akaandika daftarini.

Hiyo ndiyo tabia yake. Kila mtoto huenda nyumbani na swali moja la kumuuliza mzee, na majibu mengine huingia kwenye chapa inayofuata.

Ada ni shilingi 250, kijitabu 100 ukitaka kubaki nacho, na nakushauri ukichukue. Chumba kina feni moja, Februari joto ni kali, kwa hiyo maji yasikosekane. Ngazi ni nyembamba na zimesimama wima. Mwenye magoti mabovu amtume shangazi. Kikao huanza saa tatu na nafasi hujaa mapema, basi mpigie mwalimu Ijumaa kabla ya alasiri.