Printa ndogo ya picha iliyonirudisha Kibirizi: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nina studio ndogo Mwanga, hapa Kigoma, na kwa miaka tisa riziki yangu imetoka kwenye paspoti saizi, harusi, ubarikio na mahafali. Printa ninayoieleza hapa niliinunua mwaka jana, mwezi wa saba, kwa sababu ya biashara tu. Wanafunzi wanaojaza fomu huja na haraka zao, na mimi nilikuwa nakimbilia kwa jirani kila ninapotaka kusafisha picha mbili. Bei yake ilikaribia nilichopata kwenye harusi mbili ndogo. Kwa kazi ya paspoti imeshajilipa, hilo sina la kuongeza. Nataka kueleza jambo lingine ambalo sikulitegemea: ndiyo iliyonifanya nianze tena kutoka na kamera siku ambazo hakuna aliyenilipa.

Sitaji chapa, kwa sababu printa za aina hii zinatengenezwa na kampuni zaidi ya moja na kanuni yake ni ileile. Ni kiboksi kinachoingia kwenye begi la mgongoni pamoja na kamera. Haitumii wino wa maji. Ndani ina utepe mwembamba wenye rangi, na kichwa cha joto kinachoihamisha rangi kutoka kwenye utepe na kuizamisha kwenye karatasi. Picha inatoka kavu, saizi ya postikadi, sentimita kumi kwa kumi na tano, kwa muda usiofika dakika moja.

Kukwama kwangu kulikuja polepole. Kigoma ina vitu ambavyo kila mwenye kamera huanza navyo: stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani, meli ya Liemba iliyoundwa kwao mwaka 1913, kumbukumbu ya Livingstone kule Ujiji, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Nilishavipiga vyote, kiangazi na masika. Ikafika hatua nikishuka ufukweni naziona picha nilizokwisha kuzipiga, nafunga kifuniko cha lenzi, narudi nyumbani. Miezi minne sikupiga picha hata moja iliyo yangu mwenyewe. Nilijaribu dawa tunazopeana wapiga picha. Nilikesha nikitazama kazi za watu hadi bando likakata. Niliazima lenzi pana, nikamrudishia mwenyewe baada ya wiki. Nilijiwekea sharti la picha moja kila siku, likadumu siku kumi na moja. Kinachouma katika hali ile ni kwamba mikono inajua kazi, harusi unaipiga vizuri na wateja wanashukuru, ila ndani hakuna kinachokuita.

Kilichobadilisha mambo ni maneno ya mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapa Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Nilikuwa nimemsindikiza mgeni aliyekuwa anapanda boti ya kwenda Gombe, na kamera ninayo begani kwa mazoea. Mama yule ananifahamu kwa sura, kwa kuwa nimepita pale miaka mingi.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe unatupiga mwaka wa ngapi huu? Mbona picha zenyewe hatuzioni?"

Nikamwambia zipo kwenye simu, mama, ngoja nikuoneshe. Akaishika simu, akaitazama kidogo, akanirudishia. "Simu ni yako. Ukiondoka nazo zimeondoka."

Nilirudi studio maneno yale yakiwa bado masikioni. Jioni hiyohiyo niliichaji betri ya printa, ambayo huuzwa peke yake na nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya umeme unapokatika. Asubuhi ya pili nilifika Kibirizi kabla ya saa moja, mitumbwi ikiwa imeshaingia na dagaa wanamwagwa kwenye turubai. Nilimpiga picha yule mama, nikaiweka printa juu ya kreti lililogeuzwa, nikaunganisha na simu. Haihitaji bando. Inatoa waifai yake yenyewe, simu inaishika moja kwa moja, na kwa ufukweni hilo ni jambo kubwa.

Naomba nieleze jinsi picha inavyotoka, kwa sababu ndipo watu wanapojazana. Karatasi inaingia na kutoka mara nne. Mara ya kwanza inatoka njano tupu, unaona kivuli tu cha mtu. Inaingia tena, inatoka na wekundu, kila kitu kinakuwa kama machungwa yaliyoiva. Mzunguko wa tatu unaleta buluu, na hapo ndipo sura zetu sisi watu weusi zinapokuja: macho yanakaa, nywele zinakaa, kitenge kinapata rangi zake. Mara ya nne haionekani kinachobadilika, maana ni utandu mwangavu wa kuilinda picha. Yule mama alipojiona wa njano aliuliza kama mashine imeharibika. Watoto waliomzunguka wakamwambia subiri bibi, subiri. Kwenye mzunguko wa tatu alinyamaza, akafuta mkono kwenye kitenge kabla ya kuipokea. Mkono ulikuwa na magamba ya dagaa, yaking'aa hadi kwenye kiwiko, na mimi nilikuwa nimempiga kifuani kwenda juu. Nikauona mkono ule wakati anaipokea picha ambayo mkono haumo.

Siku ile nilitoa picha tisa. Nilirudi kesho yake, nikarudi wiki iliyofuata. Katriji moja, yaani kasha la utepe, inatoa picha 36, na nilipozimaliza mbili za kwanza nilikuwa nimejiwekea nakala yangu ya kila picha niliyotoa, jumla 36. Usiku nikazitandaza zote sakafuni kwenye mkeka. Hilo nilikuwa sijawahi kulifanya na kazi zangu binafsi, zote zilikuwa zinaishia kwenye kioo, ukiitazama moja nyingine inakuwa imejificha. Zikiwa zimelala pamoja niliona jambo ambalo miaka tisa sikuliona. Picha 22 kati ya zile 36 zilikuwa za watu waliolipa jua mgongo: vivuli vyeusi, ziwa linang'aa nyuma, uso hauonekani. Zingine nyingi nilisimama mbali, hatua nane au kumi. Nilikuwa nimekinaishwa na picha yangu moja niliyoirudia kwa majina tofauti, na lawama nikaibebesha Kigoma.

Tangu hapo nimekuwa na kazi ya kufanya. Nasogea. Namgeuza mtu alipe ziwa mgongo asubuhi, wakati mwanga unatoka upande wa mjini na kumwangukia usoni. Mchana jua likiwa kali namkalisha chini ya mwembe na kumshikisha mtoto kiroba cheupe cha sukari kirudishe mwanga kwenye mashavu. Na watu wenyewe wananituma. Fundi mmoja wa nyavu hakutaka picha ya uso wake kabisa, alitaka ya tundu alilokuwa ameliziba, kwa sababu lilimchukua siku mbili. Nilipiga vidole vyake na nyuzi kwa karibu mno, picha ambayo nisingeifikiria hata ningekesha. Kijana wa mtumbwini aliniomba nimpige na taa zake. Zamani walikuwa wanatumia karabai, sasa wengi wana taa za betri, na anajivunia zake. Wakati wa mbalamwezi, ambapo hawaendi kuvua dagaa, niliuona ufukwe wa aina nyingine kabisa, wa watu wanaolala mchana kivulini, wanaosukana, wanaopaka mitumbwi rangi. Miaka yote nilikuwa nashuka wakati wa giza la mwezi tu, kufuata shughuli.

Wapo waliopita njia hii kabla yetu. Malick Sidibé wa Bamako, Mali, miaka ya 1960 alikuwa anapiga picha za vijana kwenye dansi, anazisafisha usiku, kisha anazibandika studioni kwake ili wenyewe waje wajitafute na kuagiza zao. Ilikuwa kazi ya kulisha familia. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyompatia tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2007. Ninapochoka na paspoti namkumbuka.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa ni vumbi. Karatasi inachomoza nje kila mzunguko, na kiangazi cha huku, kwenye vumbi letu jekundu, punje moja ikitua juu yake unapata doa jeupe ambalo halifutiki. Nilipoteza karatasi nyingi mwezi wa nane. Sasa naifunika na kanga nyepesi niliyoiinua kwa vijiti viwili, naacha nafasi nyuma kwa sababu karatasi inatokea huko pia, na siiweki kamwe karibu na njia ya pikipiki. Joto nalo linaichosha. Nikisafisha picha kumi mfululizo juani inasimama yenyewe ipoe, na huwezi kuilazimisha. Umeme ukikatika katikati ya picha, studio bila betri, umepoteza karatasi na kipande cha utepe vyote viwili, na hesabu ya katriji haikusubiri.

Gharama ya picha moja kwangu inazidi kidogo shilingi elfu moja ukiweka na nauli ya mzigo, maana karatasi naziagiza Kariakoo zije kwa basi. Ni ghali kuliko kusafisha picha nyingi maabara. Hata hivyo ughali huo umenisaidia. Zamani nilikuwa napiga 300 asubuhi moja na sizitazami. Sasa, nikijua nina karatasi 14 begini, nasubiri.

Angalia pia rangi. Kioo cha simu kikiwa na mwanga mkali kinakudanganya, picha inatoka nyeusi kuliko ulivyoiona. Mimi napunguza mwanga wa kioo hadi nusu, kisha naongeza mwanga kidogo kwenye sehemu za kivuli kabla ya kutuma. Kwa ngozi zetu usiiruke hatua hiyo, la sivyo utampa mtu picha asiyojitambua. Na kama unapiga kwa simu, jua kwamba simu nyingi zina uwiano wa 4 kwa 3 wakati karatasi inakaribia 3 kwa 2, hivyo kwenye picha ya kulala kilemba au miguu itakatwa, na kwenye ya wima pembeni patakatwa, usipochagua kuacha ukingo.

Jambo la mwisho la kiufundi ambalo muuzaji hakuniambia: utepe uliotumika unabaki na picha zote. Ukiuvuta nje unaona sura za wateja wako moja baada ya nyingine, kama negativu za zamani. Mimi nasafisha picha za vitambulisho, kwa hiyo nauchoma, siutupi jalalani. Mwenye studio yoyote namwomba afanye hivyo.

Kama unataka printa ya kutoa picha mia tano za harusi kwa siku moja, hii siyo, utateseka na mfuko utatoboka. Kama umekwama, na kamera yako imekaa kabatini ingawa haina tatizo lolote, ningekushauri uipate kabla ya kufikiria lenzi mpya. Anza na katriji mbili, rudi sehemu moja, na nakala zako zitandaze chini zikifika 36.

Mimi bado niko Kibirizi, asubuhi mbili au tatu kwa wiki. Yule mama picha yake ya kwanza aliituma Uvinza kwa binti yake. Juzi ameniita nimpige nyingine, safari hii asimame na mikono ionekane, na nyuma yake wawepo dagaa waliokauka vizuri, kwa sababu kwenye ile ya kwanza walikuwa bado wabichi na binti ameuliza.