Stockfish na boma la sare: uzoefu wangu hapa Dodoma

Jumamosi moja mwezi wa saba, kwenye baraza la nyumba yangu Nkuhungu, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinibana kwenye chesi hadi nikakubali sare. Nilikuwa nimebaki na malkia na mfalme tu. Yeye alikuwa na mfalme g8, askari g7 na ngome f6 (herufi na namba hizi ni anwani za miraba ya ubao). Nilizunguka na malkia mpaka nikachoka, pa kuingilia sikupata. Nikampa mkono.

Akaomba simu yangu, akazipanga kete vilevile kwenye programu ya chesi na kuiwasha injini, Stockfish, inayohesabu hatua na kukadiria nani yuko mbele. Namba ikatokea: +4.6 kwa upande wangu. Akanitazama usoni.

"Mwalimu, kumbe ulinihurumia tu."

Sikumhurumia hata kidogo. Maneno yale yaliniuma, maana mtoto alikuwa amejilinda kwa akili na uvumilivu, halafu simu ikamwambia kwamba ushujaa wake haukuwepo. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Natumia Stockfish karibu kila siku, naipenda, na ni ya bure kabisa. Lakini kwenye michezo ya mwisho ambayo kwa haki ni sare, namba yake inaweza kumvunja moyo mtu asiyeijua.

Kwanza namba yenyewe ina maana gani? Tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, +1.00 maana yake ni kwamba injini inajipa nusu kwa nusu ya kushinda dhidi ya mpinzani mwenye nguvu sawa nayo. Basi +4.6 ni kama kusema mchezo umekwisha, tunasubiri kumzika mfalme.

Usiku ule, upepo ukipiga mabati, nikaiachia injini malkia na mimi nikashika upande wa mwanafunzi. Ngome yangu ikawa inakwenda h6, inarudi f6, inakwenda tena h6. Miraba yote miwili inalindwa na askari wa g7, kwa hiyo malkia hawezi kuila ngome bila kuliwa. Malkia akimtishia mfalme wangu, mfalme anasogea h7 au h8, hatoki karibu na askari wake. Mfalme mweupe naye hapati njia ya kupenya kuja kumsaidia malkia. Mimi naliita boma, na kwetu huku neno hilo halihitaji maelezo: ng'ombe wamo ndani, fisi anazunguka miiba usiku kucha.

Kilichonifundisha zaidi ni kuitazama ile namba. Hatua ya kumi, bado juu ya nne. Hatua ya thelathini imeshuka taratibu, inakaribia tatu. Kisha ilipokaribia hatua ya arobaini ikaanguka ghafla: 0.00, yaani sare. Nilidhani imeliona boma. Haikuliona. Kuna kanuni ya hatua 50: zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogea wala kete kuliwa, mchezaji anaweza kudai sare. Stockfish huipunguza namba yake kidogo kidogo kadiri hesabu hiyo inavyopanda, na mwisho wa hesabu ulipoingia ndani ya upeo wake wa kuona, ndipo ilipokubali. Hadi hapo ilikuwa inaamini kwamba kesho itapata mlango, kwa kuwa kila mara ilikuwa na hatua nyingine ya kucheza.

Nadhani hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Tangu toleo la 12, mwaka 2020, Stockfish hukadiria ubao kwa mtandao wa neva uliofunzwa kwa mamilioni ya hali za ubao, na malkia dhidi ya ngome na askari mara nyingi hushinda. Makadirio ni ya mara nyingi. Boma ni la mara moja, hapa, kwa kete hizi.

Kwa bahati dawa ipo, nayo ni majedwali ya Syzygy ya Ronald de Man. Haya hayakadirii. Yametengenezwa kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma, hali moja baada ya nyingine, na yana jibu la uhakika kwa kila ubao wenye kete zisizozidi 7, wafalme wakiwemo. Nilipoiweka hali yetu kwenye Lichess, tovuti ya chesi ambako majedwali hayo yameunganishwa, jibu lilikuja papo hapo: sare. Ubao wetu una kete 5 tu. Majedwali ya kete 7 ni zaidi ya terabaiti 16, hayo tuwaachie wenye mitambo. Ya kete 6 ni gigabaiti 150 hivi. Lakini ya hadi kete 5 hayafiki gigabaiti 1. Niliyapakua kwa bando la usiku, nikayaweka kwenye memori kadi, nikaielekeza programu mahali yalipo. Ile +4.6 haijarudi tena.

Zaidi ya kete 7 inabidi utumie kichwa chako. Mwaka 2017 taasisi ya mwanahisabati Roger Penrose ilitoa fumbo ambalo weusi wana malkia, ngome mbili na maaskofu watatu, wote wa miraba myeusi, dhidi ya mfalme na askari wanne. Injini zilitoa namba kubwa kwa weusi. Kumbe ni sare: mfalme mweupe anatembea miraba myeupe tu, na maaskofu hawamgusi. Siku hizi nikishuku boma, naiacha injini ifikirie dakika tano zaidi. Kama namba imeganda palepale, na hatua nne au tano tofauti zote zina namba ileile, najua hakuna maendeleo. Ushindi wa kweli namba yake hupanda.

Nisiionee injini. Sare zinazotokana na hesabu inaziona haraka kuliko binadamu yeyote. Fumbo la mchezaji Réti la mwaka 1921, ambalo mfalme anaonekana kuwa mbali mno na askari anayekimbia, nililipanga mbele ya wanafunzi na 0.00 ikatokea kabla sijainua kidole.

Jumamosi iliyofuata nilimwekea binti yule hali ileile, tukaicheza hatua zote 50, mwenzake akihesabu kwa chaki sakafuni. Hakusogeza askari wa g7 hata mara moja. Ilipofika 50 akaishika simu mwenyewe, yenye majedwali safari hii, akasoma kwa sauti: "Sare." Wanafunzi wengine sasa wanataka hayo majedwali. Anayeyahitaji aje na simu yake Jumamosi saa nne asubuhi, memori kadi iwe na nafasi ya gigabaiti moja.