Nyangumi, mvinyo na Cape Town: kifurushi kipi ununue

Anayetaka kuona wanyama, kuonja mvinyo na kutembelea mji katika likizo moja ya pwani atavipata vyote Cape Town na maeneo yaliyo umbali wa kama saa mbili kwa gari. Kinachowaponza wengi ni kulipa kabla ya kuangalia kalenda. Nyangumi hukaa Hermanus, mji wa pwani, kuanzia Juni hadi Novemba, kwa hiyo kifurushi cha Januari kinachonadiwa kwa picha ya nyangumi hakifai hata kikipunguzwa bei. Mimi ningechagua Septemba, kwa kuwa mvua za kipupwe huwa zimepungua na nyangumi bado ni wengi.

Nafasi ya kwanza naipa safari ya siku 9 kwa gari la kukodi, ukilala Cape Town mara tano, Stellenbosch mara moja na Hermanus mara mbili. Hermanus, iliyo kilomita 120 hivi kutoka Cape Town, ina njia ya miguu inayopita juu ya majabali, na kutoka hapo, bila kulipia boti, unaweza kumwona nyangumi akiibuka karibu kiasi cha kutambua sugu nyeupe zilizomjaa kichwani na pumzi yake inayopanda kwa umbo la herufi V. Usikubali kupunguziwa siku hapa, kwa sababu upepo ukichafua bahari utahitaji asubuhi ya pili.

Stellenbosch ndiko Abraham Perold alikozalisha zabibu ya Pinotage mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, nayo inastahili kuonjwa katika mashamba mawili tofauti ili uone jinsi ladha inavyobadilika. Siku hiyo mlipe dereva, kwani sheria ya Afrika Kusini humzuia kuendesha mtu ambaye damu yake ina gramu 0.05 za kilevi au zaidi katika mililita 100.

Mjini, panga Table Mountain na Kisiwa cha Robben katika siku za mwanzo. Upepo husimamisha gari la kamba la mlimani, na bahari ikichafuka boti ya kisiwani huahirishwa; ukiviacha hadi siku ya mwisho, huna pa kuvihamishia.

Ya pili ni safari ya siku 12 kupitia Garden Route, njia ya pwani ya kuelekea mashariki, hadi hifadhi ya wanyama ya Addo, iliyoanzishwa mwaka 1931 tembo wakiwa wamebaki 11 tu na leo ina zaidi ya 600. Kwa mpenda wanyama hii ingeweza kuwa ya kwanza, lakini mvinyo hupewa muda mdogo, na kurudisha gari Gqeberha, mji ulio karibu na Addo, badala ya Cape Town kwa kawaida huongeza ada ambayo haimo katika bei ya tangazo.

Ya tatu ni kukaa Cape Town pekee: mashamba ya mizabibu ya Constantia yamo mjini humo, na pengwini wa ufukwe wa Boulders, ambao spishi yao imo katika hatari kubwa mno ya kutoweka, huonekana mwaka mzima.

Ya mwisho ni basi linaloahidi pengwini, mvinyo na nyangumi kwa siku moja. Uliza saa za kukaa kila kituo kabla ya kutoa malipo ya awali, zisipoandikwa, usilipe.