Sifa nyingi kwa mpigo: ulipie uchambuzi upi wa linkeji?

Programu za linkeji, yaani msako wa kipande cha kromosomu kinachorithiwa pamoja na sifa fulani ya kiumbe, hazina bei. SOLAR, MERLIN na R/qtl unazipakua bila kutoa shilingi. Kinachomaliza bajeti ya tasnifu hapa Nairobi ni saa za mtaalamu wa takwimu. Kwa hiyo ukitafuta kipande cha kromosomu kinachorithiwa pamoja na sifa kadhaa, chagua njia kabla hujapatana bei na mtu.

Namba moja naipa njia ya vijenzi vya varianse (kuigawa tofauti ya vipimo katika sehemu ya jeni na sehemu ya mambo mengine) kwa sifa mbili pamoja, inayofanywa na SOLAR. Inalipa zaidi pale jeni inapozivuta sifa zote mbili upande mmoja huku mambo mengine yakizitenganisha. Ukizichambua moja moja hapo, jeni inaweza kukuponyoka. Ila usirundike sifa. Kwa kila mahali unapopima, athari ya jeni kwa sifa 2 inadai vigezo 3 (namba za kukadiriwa kutoka kwenye data), sifa 3 inadai 6, na sifa 16 inadai 136. Nimechagua 16 kwa sababu ndizo zilizochambuliwa katika utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, uliochapishwa 2003 kuhusu ustahimilivu wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa ng'ombe 177 wa kizazi cha pili cha mchanganyiko wa aina za N'Dama na Boran. Vigezo 136, ng'ombe 177! Mtu akikuahidi modeli moja ya sifa zote hizo, rudisha pesa mfukoni. Kagua pia data yenyewe: sifa yenye mkia mrefu, kama wingi wa vimelea kwenye damu, huipandisha alama ya LOD (kipimo cha uzito wa ushahidi wa linkeji) kwa uongo. Igeuze kwa logi kwanza.

Ya pili ni vijenzi vikuu: unazikusanya sifa ziwe moja au mbili, kisha unachambua kama kawaida. Hata laptopu ya mtumba inatosha. Lakini kijenzi cha kwanza hubeba tofauti kubwa ya vipimo, si lazima ile iliyoletwa na jeni, na msimamizi wako atauliza kilele cha LOD ulichopata ni cha nini hasa.

Una jozi za ndugu tu? Rigresheni ya Haseman na Elston ya 1972, inayopima kama ndugu wanaoshiriki kipande kimoja cha kromosomu hufanana zaidi kwa sifa, bado inafaa, ingawa nguvu yake ni ndogo.

Sifa moja moja, kwa MERLIN au R/qtl, usiilipie, ifanye mwenyewe. Kumbuka tu kwamba kizingiti cha LOD 3, alichokipendekeza Newton Morton 1955, hakikukusudiwa msako wa sifa 16. Changanya vipimo vya sifa kibahatibahati mara 1,000, ukichambua upya kila mara, upate kizingiti chako.

Na kabla ya kutoa malipo ya awali, dai hati za amri zote za kompyuta ambazo mtaalamu atatumia.