EliteBook 840 G3 na Linux Mint 22: bado ni mashine ya kazi

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nina HP EliteBook 840 G3, hizi za mtumba zilizojaa madukani. Ndani kuna Core i5-6300U, kizazi cha sita, prosesa ya mwaka 2015. Hii imeongezwa RAM hadi GB 16 na ina SSD. Swali lenu ni moja: huduma ya Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, sasa tuitupe?

Hapana, na jambo hili linaniuma. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Kompyuta hii ina nguvu ya kutosha na kibodi nzuri mno, lakini prosesa yake haimo kwenye orodha. Fundi anaweza kukupigia Windows 11 kwa kuruka ukaguzi, na itawaka. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi vigezo haina uhakika wa kupata masasisho. Kama unafanyia humo mambo ya benki, mimi sikushauri.

Sasa tazameni. Nachomeka fleshi yenye Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure wa kutumia badala ya Windows, nawasha, ikitokea nembo ya HP nabonyeza F9, nachagua fleshi. Inafunguka bila kugusa diski. Waifai hiyo, imeshaona mitandao. Sauti ipo, kamera ipo. Nafunga kifuniko... nafungua... imeamka. Sijaweka draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, hata moja kwa mkono! Kwenye Linux draiva nyingi zinakaa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo kerneli ikibadilika, wanaoitunza hurekebisha na draiva za vifaa vya zamani papo hapo. Hazimsubiri mtengenezaji ambaye akili yake iko kwenye toleo la mwaka huu. Na Mint 22 itapata masasisho hadi 2029.

Wenye steshenari, hili ni lenu. Printa ya LaserJet 1020 haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikizimwa na kuwashwa, kompyuta lazima iipelekee programu hiyo upya. Kwenye Mint kazi hiyo inafanywa na HPLIP, programu ya printa za HP, lakini kuna kiongezo lazima ukipakue kwanza, kwa hiyo siku ya kuunganisha uwe na bando.

Yasiyokaa sawa yapo. Visoma alama za vidole vingi vya miaka ile havina draiva, usivitegemee. Na kama duka lako linaendeshwa na programu ya mauzo ya Windows pekee, muulize aliyekuuzia kabla hujafuta chochote. Wewe bora ujiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya ziada ya Windows 10, ambayo kwa watu binafsi yanafika 13 Oktoba 2026.

Linux nayo huacha vitu. Prosesa za 386, za zamani sana za Intel, ziliondolewa kwenye kerneli mwaka 2012, na hilo silalamikii, maana hakuna aliyekuwa anazifanyia kazi. Ila wenye kompyuta za biti 32 msihangaike na Mint 22, haitawaka. Chukueni Debian 12 ya mwaka 2023, nayo ni aina nyingine ya Linux; Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32.