Nati na bolti za turubai la boti: ipi ununue kwanza

Boti nyingi za watu wa Nairobi hukaa juu ya trela zikisubiri wikendi ya Naivasha. Nati za turubai zikilegea, upepo wa alasiri ziwani unalaumiwa sana, lakini barabara ya Mai Mahiu nayo hutikisa fremu ya turubai saa nzima kabla boti haijagusa maji. Ukienda Kirinyaga Road au Industrial Area kutafuta vya kufungia, mimi napanga hivi.

Ya kwanza bila ubishi ni nati yenye pete ya nailoni, juu ya bolti iliyopenya hadi ndani. Nailoni huuma meno ya bolti, kwa hiyo nati hukaa mahali pake hata isipokazwa sana. Faida yake utaiona kwenye maungio ya fremu: nati ya kawaida ukiikaza, fremu haikunjiki, ukiilegeza, utaiokota chini, ukibahatika. Hakikisha bolti inatokeza meno mawili hivi nje ya nailoni, la sivyo umelipia pete ya bure. Siku nati itakapozungushika kwa vidole, nunua nyingine. Na fundi asiifunge kwa mashine! Stainless juu ya stainless ikipata joto hung'ang'aniana, nati haiendi wala hairudi, ikabidi ikatwe. Paka grisi kidogo, tumia spana ya mkono.

Kwenye safari hiyo hiyo nunua washa pana, au bamba la kuweka nyuma ya fibaglasi. Watu wengi hubana matumizi hapa, na ndipo panapoharibika: fibaglasi ikibonyea chini ya washa ndogo, bolti hulegea ilhali nati haijasogea hata kidogo. Bamba la alumini la milimita 3 linatosha Naivasha. Boti ikienda Mombasa, chukua la stainless, kwa sababu alumini ikigusana na stainless kwenye maji ya chumvi huliwa. Soma pia aina ya stainless kwenye kichwa cha bolti: A2 inafaa ziwani, A4 ni ya baharini. Sumaku haitakuambia tofauti.

Ya pili ni gundi ya nati ya rangi ya buluu, kama Loctite 243, kwa skrubu inayoingia kwenye chuma chenye meno. Iache usiku mzima ikauke. Isiguse vishikizo vya plastiki, maana baadhi ya plastiki hupasuka nayo.

Skrubu zilizochimbiwa moja kwa moja kwenye fibaglasi ni za tatu, pale tu mkono usipofika ndani. Tundu likipanuka, lijaze epoksi utoboe upya. Vijiti vya kiberiti si dawa.

Spring washa, ambayo kila duka itakupa bila kuomba, naiweka ya nne. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwamba mtikisiko wa kwenda upande ndio hasa unaofungua nati, na turubai likipigwa upepo husukuma vishikizo upande huo huo. Ukishaikaza ikalala, spring washa ni washa tu.

Gundi nyekundu iachie mafundi wa injini. Kuifungua kunataka moto wa zaidi ya nyuzi 200, na fibaglasi itaungua kabla nati haijakubali.