Mashine ya mkono ya kukatia majani: mwaka mmoja bandani, Lushoto

Sisi tunaofuga ndani kwenye miteremko ya Usambara hubeba kila mzigo wa majani kichwani kutoka kwenye makinga maji, yaani matuta ya kuzuia mmomonyoko tunakopanda majani hayo, kwa hiyo bua linalobaki horini ni jasho lililopotea. Ndiyo maana nilinunua mashine ya mkono ya kukatia majani, ile yenye gurudumu la chuma na visu viwili, nami nimeitumia mwaka mzima kwa ng'ombe wawili.

Kazi yake kuu inaifanya vizuri. Matete na majani ya Guatemala hutoka yakiwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, na ng'ombe, ambaye zamani alichambua majani laini na kukanyaga mabua, sasa hula karibu vyote. Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na kwa kuwa sehemu kubwa ya matete mabichi ni maji, hizo ni kilo 60 au zaidi za majani ya kupandishwa mlimani. Hata mabua ya mahindi, niliyokuwa nikiyatandika bandani, sasa yanalika wakati wa kiangazi, ingawa yenyewe peke yake hayaleti maziwa.

Ng'ombe wangu mkubwa alipanda kutoka lita 6 hadi 8 kwa siku. Muuzaji angependa sifa zote ziende kwa mashine, lakini mwezi uleule nilivuta mpira wa maji kutoka kijitoni hadi bandani, akaanza kunywa wakati wowote apendao badala ya kungoja ndoo za asubuhi na jioni. Na maziwa, ambayo karibu asilimia 87 ni maji, hayatoki kwa ng'ombe mwenye kiu. Vilevile nilianza kuvuna matete yakiwa na kimo cha mita moja hivi, kwani yakishakomaa protini hupungua, na kuyakatakata hakuirudishi. Kwa maoni yangu, maji yalichangia zaidi.

Kasoro zipo. Miguu ya mashine imeundwa kwa sakafu tambarare, na kwangu, ambako tambarare ni ya kuchimba, ilitikisika mpaka nilipoijengea kwa saruji. Mlomo wake wa kuingizia majani ni mfupi na hauna kinga, vidole hukaribia visu mno; fundi wa kijijini aliurefusha kwa bati, jambo ambalo mtengenezaji alipaswa kulifanya. Visu visiponolewa kwa tupa kila baada ya wiki mbili hutafuna majani badala ya kuyakata, na anayezungusha gurudumu huchoka upesi. Watu wawili wanahitajika, mmoja wa kuzungusha na mwingine wa kuingiza majani.

Mwenye ng'ombe mmoja ninamshauri abaki na panga na gogo, fedha aiweke kwenye maji. Mwenye wawili hadi wanne ainunue, na siku hiyohiyo adai visu vya akiba, kwani mimi sikudai, na kimoja kilipovunjika nilingoja wiki tatu.